Dada yangu walimuita chuma

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mpaka yakaanza kunichosha, "wewe una roho ngumu jamani, ingekuwa mimi ningeshakufa zamani." Watu wanayasema kwa nia njema kabisa, najua, na wengine wanayasema machozi yanawalengalenga. Lakini mimi nimepitia maumivu ya mwili wangu mwenyewe, na nimeishi nyumba moja na mtu aliyekuwa anasifiwa hivo kila uchao, nikaona kwa macho yangu kinachofuata baada ya sifa. Mara nyingi ndo msaada unaishia hapo. Mtu akishakuona jasiri anarudi kwake ametulia, manake ameshajiridhisha kwamba huyu atapita tu.

Kwa hiyo haya ya ustahimilivu nayaandika kwa uchungu kidogo, mnivumilie.

Mimi nilivunjika mguu kwenye ajali. Sitaieleza ajali yenyewe, ila mfupa wa muundi ulikatika vibaya, nikafungwa plasta kuanzia chini kwenye unyayo mpaka juu ya goti, na dada yangu mkubwa akasema utakuja kukaa kwangu mdogo wangu, hilo halina mjadala. Sasa dada wakati huo alikuwa na watoto wanasoma, ana kazi ya ofisini ya kutoka asubuhi mpaka jioni, na mama yetu alikuwa kwake vilevile, kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja, kugeuzwa, kuogeshwa, kulishwa, dawa, vyote dada. Mimi na magongo yangu nikaongezeka juu ya hayo. Hakukunja uso hata siku moja. Ndugu wakija kutuona, majirani, wenzake wa kazini, wote kauli yao moja, "huyu mwanamke ni chuma." Na yeye anacheka, anaenda kumgeuza mama.

Nianze na mguu maana ndo ulionifundisha kwanza.

Mfupa ukivunjika mwili hausubiri daktari, unaanza kazi palepale. Damu inaganda kwenye mpasuko, halafu ndani ya wiki mbili tatu inajengeka kama gegedu laini inayoshikiza zile ncha mbili, kisha taratibu ile laini inageuka kuwa mfupa mgumu, hiyo inachukua wiki nyingi, na hata hapo bado. Kwenye picha ya eksirei nilionyeshwa uvimbe pale palipoungana, mnene kuliko mfupa wenyewe, daktari akaniambia mwili umeweka kwanza kiraka kikubwa, baadaye utakaa unakichonga kidogo kidogo mpaka kiwe na umbo linalofaa, na huko kuchonga kunaweza kwenda miezi mingi hata miaka. Hilo la miaka lilinishtua sana, kwa sababu watu wote walionizunguka walikuwa wanahesabu siku ya kutolewa plasta kama ndo siku ya kupona.

Ilipotolewa nilichokiona sikukitarajia. Shavu la mguu limesinyaa, ngozi imekauka inabanduka kama magamba, goti halikunji, ukiweka miguu miwili sambamba unaona kabisa huu ni wa mtu mwingine. Mguu ulikuwa umepumzika muda wote ule, haukubeba kitu, na kupumzika kwenyewe kumeudhoofisha. Mwili ndo ulivyo, mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, daktari mmoja Mjerumani anaitwa Julius Wolff aliliandika jambo hilo tangu 1892, na wanaanga wanalijua vizuri sana, wakikaa huko juu ambako miili yao haina uzito, mifupa ya nyonga na miguu inaweza kupungua kwa asilimia 1 hivi kila mwezi. Kwa hiyo mzigo unatakiwa. Mtu asikwambie kwamba dawa ya kuumia ni kulala tu.

Ila mzigo kiasi gani, hapo ndo penye kazi. Mtu wangu wa mazoezi ya viungo, fizio, alileta mzani ule wa kawaida wa kusimama kujipima uzito, akauweka chini mbele yangu, pembeni yake kibao cha mbao chenye kimo kilekile kwa ajili ya mguu mzima. Nasimama na magongo, mguu mzima kwenye kibao, mguu mbovu kwenye mzani, halafu ananiambia haya bonyeza taratibu, mshale unapanda, unapanda, akisema hapo, naganda hapo. Nisikie mguu wenyewe uzito huo ulivyo, niukariri, kisha nitembee hivohivo bila mzani. Wiki inayofuata anaongeza. Siku nyingine najisikia vizuri nataka nibonyeze zaidi nimuonyeshe kwamba naweza, anaitazama ile namba ananiambia kwa upole tu, punguza, mimi sitaki ujasiri wako nataka kipimo nilichokupa. Kwa sababu ukiuzidishia mzigo mapema ile laini inayoshikilia inachanika kabla haijawa mfupa, na ukirudia kuichana hivo mwishowe mfupa unaweza kukataa kabisa kuunga.

Nimekaa na ile sentensi muda mrefu. Kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa anataka ujasiri wangu. Wanapiga simu, vipi unaendeleaje, kaza, usikate tamaa, Mungu anawapa vita askari wake hodari. Ni yule fizio tu aliyekuwa anajua kwamba kupona kwangu kunategemea mambo mengine, mzigo uliopimwa, muda, na mtu anayeangalia namba wakati mimi nimekunja uso kwa maumivu. Ningekuwa na moyo mgumu kama jiwe bila hayo, nisingetembea.

Sasa turudi kwa dada na hilo jina la chuma.

Hili neno ambalo sisi tunaliita ustahimilivu, kwa Kiingereza resilience, wenzetu Wazungu walilitoa kwenye Kilatini, maana yake kuruka kurudi nyuma, na zamani mafundi na wanasayansi wa vyuma na mbao walilitumia sana. Mwingereza mmoja, Thomas Young, kwenye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807 alitenganisha vitu viwili, kuna nguvu, ambayo ni kuhimili shinikizo, na kuna huu ustahimilivu, ambao ni kuhimili pigo la ghafla. Yaani kitu kinaweza kuwa na nguvu sana ukikikandamiza taratibu halafu ukikipiga kikapasuka. Glasi iko hivo. Mimi nilipolielewa hilo nilimfikiria dada palepale, kwa sababu yeye hakuwa anapigwa pigo moja. Mapigo yalikuwa hayaishi.

Na mapigo yasiyoisha yana habari yake. Mwaka 1842 kule Ufaransa treni iliyokuwa inatoka Versailles kwenda Paris ilianguka ikawaka moto, wakafa zaidi ya watu 50, na chanzo ekseli ya injini, kile chuma kinachounganisha magurudumu, ilikatika. Ekseli ya chuma, ambayo ilikuwa imebeba mzigo uleule siku zote bila shida. Watu wakahangaika kuelewa chuma kizima kinakatikaje bila kuongezewa uzito. Baadaye fundi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, akakaa miaka anazungusha vyuma kwenye mashine, anavikunja kidogo huku na kidogo kule, maelfu na mamilioni ya mara, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo kabisa kuliko ule kinaoweza kuubeba mara moja, ili mradi urudiwe vya kutosha. Kwa nje hakionyeshi kitu. Ndani kuna ufa mdogo unatembea. Mafundi wanaita hali hiyo uchovu wa chuma, ndo jina lenyewe la kitaalamu, chuma kinachoka. Basi waliomuita dada yangu chuma walisema kweli kuliko walivyodhania.

Kazini kwao kipindi hicho walipunguza watu. Waliobaki wakagawiwa kazi za walioondoka, dada akapewa meza mbili, halafu ikaletwa semina ya ustahimilivu. Alirudi na kijitabu ananionyesha, wamefundishwa kupumua, wamefundishwa kuangalia upande mzuri wa changamoto, wameambiwa mfanyakazi mstahimilivu halalamiki bali anatafuta suluhisho. Kupumua ni kuzuri, mimi mwenyewe kwenye yale mazoezi kupumua kulinisaidia sana. Lakini kile kijitabu nilikisoma chote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakina mahali hata pamoja panapogusa ile meza ya pili. Na hapa ndo naona hili neno linavyoharibiwa siku hizi, kwamba mtu anayekuongezea mzigo ndo huyohuyo anakufundisha kustahimili, na ukishindwa inakuwa tatizo ni lako, hukustahimili vya kutosha. Mafundi wa reli waliona ekseli zinakatika wakaenda kupima mzigo na kubadilisha maumbo ya vyuma. Hakuna aliyeilaumu ekseli kwa kukosa moyo.

Dada alianza na kichwa. Kinauma asubuhi, anameza dawa anaenda. Halafu usingizi ukapotea, akawa anaamka usiku hata mama hajamuita, anakaa tu ukingoni mwa kitanda. Mimi nilikuwa nalala chumba cha pili nasikia miguu yake sakafuni. Siku moja akiwa kazini macho yakaingia ukungu, wenzake wakamkimbiza hospitali, presha imepanda vibaya. Yule daktari aliyempokea alikuwa kijana tu, akamuuliza maswali ya kawaida, chumvi, mazoezi, presha kwenye familia, mwisho akamuuliza, mama, nyumbani nani anakusaidia? Dada akajibu, "nipo mwenyewe, nimezoea." Kijana wa watu akaweka kalamu chini akamwambia, basi tuanzie hapo.

Nilipokuja kusoma zaidi nikakuta kuna mtafiti Mmarekani mweusi anaitwa Sherman James, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anachunguza jambo hilihili. Alikuwa amekutana na mkulima mstaafu, mweusi, aliyezaliwa kwenye umaskini wa kutupwa huko Carolina Kaskazini, akapambana kwa jasho mpaka akamiliki shamba lake mwenyewe, na alipofika miaka ya hamsini mwili ulikuwa umeshamlipisha, presha, viungo, vidonda vibaya vya tumbo. Jina lake John Henry Martin, na James akalifananisha na lile la John Henry wa kwenye hadithi za Wamarekani weusi, mpasua miamba aliyeshindana na mashine kwa nyundo yake, akaishinda, halafu akaanguka akafa. Alichokuja kuonyesha James ni kwamba watu wenye tabia ile ya kupambana na kila kitu kwa nguvu zao zote, wakiwa hawana kitu cha kuwashika mkono, hawana pesa, hawana elimu, hawana pa kuegemea, ndo wanaoongoza kwa presha. Tabia ileile kwa mtu mwenye nyenzo haikuwa na madhara ya namna hiyo. Soma hapo mara mbili ndugu yangu. Ujasiri wenyewe hauna ubaya, unaua pale unapokuwa ndo kitu pekee ulichonacho.

Na upande wa pili upo, nisije nikaonekana natisha watu tu. Kuna kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuatilia kutoka tumboni mpaka wakawa watu wazima wa miaka arobaini. Wale waliokulia kwenye hali ngumu zaidi, umaskini, wazazi walevi au wagonjwa wa akili, ugomvi ndani ya nyumba, theluthi moja hivi walikua vizuri kabisa, watu wenye kujiamini, wanafanya kazi, wanapenda na wanapendwa. Walipotafuta kilichowasaidia wakakuta kwa karibu wote kulikuwa na angalau mtu mmoja mzima, thabiti, asiyeondoka, babu, bibi, shangazi, mwalimu, jirani, aliyemkubali mtoto yule bila masharti. Na kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba hata wengi wa wale walioharibikiwa ujanani walikuja kusimama baadaye, miaka ya thelathini na arobaini, kwa nafasi ya pili, ndoa nzuri, kurudi shule, jumuiya ya dini iliyowapokea. Kwa hiyo hata asiyestahimili leo, mlango haujafungwa.

Ann Masten, naye wa taaluma hiyohiyo, mwaka 2001 aliandika kwamba ustahimilivu ni jambo la kawaida kabisa, halitoki kwenye vipaji vya ajabu, linatoka kwenye vitu vya kila siku vikiwa vinafanya kazi, uhusiano, akili inayofikiri, mwili, jamii. Sikuhitaji kushawishiwa. Nilikuwa nimeshaviona vikifanya kazi chumbani kwa mama.

Manake baada ya ile hospitali mambo yalibadilika. Kaka yetu ambaye alikuwa wa kutuma pesa na kupiga simu akaja akakaa. Alichukua usiku. Mwanzoni mama hakutaka kabisa mwanawe wa kiume amgeuze, ikawa vita ndogo, wakazoeana, ikafika mahali mama anamuuliza dada mchana, mwanangu yupo leo usiku? Mimi mguu ulipokubali nikachukua dawa na mazoezi ya mkono wa mama, nikawa namfanyia kile nilichofanyiwa mimi, kidogo leo, nyongeza kidogo wiki ijayo, sipeleki haraka hata yeye akitaka. Watoto wakubwa wakapewa kazi zao na wakazifanya, tena kwa fahari. Jirani mmoja, ambaye hakuwahi kumuita dada chuma hata siku moja, akawa anakuja Jumamosi anakaa na mama mchana kutwa, hasemi maneno mengi, anakaa tu, dada analala. Dada alilala Jumamosi zile jamani, kama mtu aliyekuwa anadai usingizi wa miaka.

Kazini ilikuwa ngumu zaidi. Alienda na barua ya daktari, akaomba meza moja iondolewe, wakamzungusha sana, akaambiwa mbona wewe ndo tulikuwa tunakutegemea. Wenzake wawili wakaenda naye mara ya pili kwamba na sisi hali ni hiyohiyo. Hapo ndo ikaondolewa. Mtu mmoja aliyechoka anaonekana mdhaifu, watatu wakisema kitu kimoja inakuwa ni mzigo umezidi, na hilo nadhani kila ofisi inajua isipokuwa haipendi kulisikia.

Presha yake haikurudi kama zamani. Anakunywa vidonge mpaka sasa na pengine ataendelea maisha yake yote. Nalisema hilo kwa sababu kwenye simulizi za ustahimilivu watu wanapenda mwisho ambapo mtu amerudi kama alivyokuwa au amekuwa na nguvu kuliko zamani. Wanaikolojia, wale wanaochunguza viumbe na mazingira yao, wanalielewa hili vizuri kuliko wahamasishaji, Crawford Holling, Mkanada, mwaka 1973 alieleza kwamba mfumo wa asili unaweza kuyumba sana, msitu ukaliwa na wadudu miti ikafa kwa wingi, ukaota mwingine wenye mchanganyiko tofauti, na bado msitu ukawepo. Kilicho muhimu ni kwamba uhai unaendelea na mahusiano yanashikilia, hata sura ikibadilika. Mguu wangu nao una kinundu ukipapasa kwenye muundi, na kwenye ngazi nautanguliza ule mwingine. Mama hakupata tena mkono wake wote, alipata vidole vya kutosha kushika mkono wa mtu. Hatukurudi tulikokuwa, na tunaishi, na tunaishi vizuri.

Siku hizi nikimtembelea mtu anayeuguza au aliyefiwa au aliyepoteza kazi, lile neno la una moyo sijui una roho ngumu silisemi kabisa. Nauliza, usiku nani anakuwepo? Wewe unalala saa ngapi? Mara ya mwisho kutoka nje ya nyumba hii ni lini? Kitu gani hapa naweza kukichukua kikawa changu mpaka mgonjwa apone? Wengine wanashtuka, wanajibu hapana tuko sawa tu, halafu nikikaa kimya kidogo bila kuondoka wanasema kweli, kuna dawa za kufuata kila Alhamisi. Basi Alhamisi inakuwa yangu.